Karai Mlangoni pa Vivian

Siku binti yangu aliponiambia anataka kufungua duka la kuogesha paka na mbwa, nilikuwa nakanda unga wa sambusa. Mikono yangu iliganda ndani ya bakuli.

"Paka hujiogesha mwenyewe," nilimwambia. "Hujamwona akijilamba?"

"Akijilamba haondoi viroboto, Mama."

"Na mtu wa Magogoni hii, ambaye maji yenyewe ananunua kwa mtungi, atakulipa umwogeshee paka?"

"Wapo. Wewe huwaoni kwa sababu hujawatafuta."

Neno hilo liliniuma kidogo, maana kama kuna kitu Mungu alinipa, ni macho. Shule niliiacha mapema, lakini mtaani kwetu hakuna linalonipita. Najua nani kabadilisha viatu, nani amekosana na mumewe, na nani anapita njia ya nyuma asikutane na mtu wa kanisani. Marehemu Mwarandu, baba yake Vivian, alikuwa akisema nikifa watalazimika kunifumba macho kwa nguvu.

Vivian mwenyewe alikuwa hivyo tangu utoto. Aliwahi kumficha kunguru aliyevunjika bawa ndani ya sufuria yangu ya ugali, nikafunua kifuniko nikapiga ukelele uliowatoa majirani. Alipokua akapata kazi kwa daktari wa wanyama upande wa Nyali. Huko ndiko alikojifunza kukata kucha, kusafisha masikio, na kumshika paka mkali bila kuraruliwa. Daktari akahama nchi, kliniki ikafungwa, na Vivian akarudi nyumbani kukaa. Alikaa hata nikazoea kumwona amekaa. Kisha ndipo akaja na habari ya duka.

Alipata chumba cha mwisho kwenye safu ya maduka, kati ya kibanda cha maji na hadiwea ya Kimani, duka la vifaa vya ujenzi. Akapaka chokaa nyeupe. Kadenge, anayeandika vibao vya kinyozi, akamchorea paka ukutani. Paka huyo alitoka kama chui aliyetiwa wanja, na watu walicheka, lakini kila mtu alijua duka liko wapi. Ndani kulikuwa na beseni kubwa, meza ya kukatia kucha, mashine ya kukausha manyoya, na ukutani, kuelekea mlango, vizimba vya paka walioachwa na wenyewe waliosafiri. Nilipoviona vile vizimba nilishangaa upya. Mtu akisafiri paka wake anapangishiwa chumba!

Lakini wateja walikuja kweli. Wa kwanza alikuwa Bi Mwanatumu, mjane wa nyumba ya ghorofa karibu na msikiti, mwenye paka mweupe wa manyoya marefu aitwaye Sukari. Bi Mwanatumu humsemesha Sukari kama mjukuu. Akaja Kioko, Mkamba anayefanya kazi kwenye makontena, na mbwa wake Simba. Wakaja na wengine. Nikaanza kujisemea moyoni kwamba labda macho yangu yamezeeka.

Kisha wakapungua. Hakukuwa na ugomvi wala sababu. Ilikuwa kama mvua inavyokatika, hujui tone la mwisho lilikuwa lipi.

Nilimwona Vivian akihangaika na siku hizo tupu. Aliamka mapema na kufungua mlango kama mtu mwenye foleni. Alifua taulo safi, akazianika, akazianua, akazikunja. Aliwakamata paka wa sokoni akawatia dawa ya viroboto bure, apate picha za kutuma kwenye simu, paka kabla na paka baada. Jua likipanda alizunguka nyumba kwa nyumba akipiga hodi na kuamkia wazee. Mchana nilipompelekea chakula nilimkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, akiieleza taulo namna ya kumshika paka mwoga.

"Unaongea na nani?"

"Najizoeza, Mama. Mteja akija nisisahau maneno."

Nilirudi nyumbani nikilia njiani.

Jioni moja natafuta kitambaa cha kichwa, nikainua godoro lake. Kulikuwa na pasipoti. Mpya, hata haijakunjwa. Nikakaa nayo sakafuni, na ndivyo alivyonikuta.

"Hii ya nini, Vivian?"

"Ya kusafiria."

"Kwenda wapi?"

"Uarabuni. Kuna wakala, anaitwa Carolyne. Kazi za nyumbani. Nimempa jibu la nusu."

"Jibu la nusu ndilo jibu gani?"

Akachuchumaa mbele yangu, akanitolea pasipoti mkononi taratibu, kama anavyomwondolea paka kitu asichotakiwa kutafuna. "Nimemwambia duka likisimama mwezi huu, siendi. Lisiposimama, nakwenda. Siwezi kukaa tena, Mama. Nilikaa sana."

Sikulala. Binti wa jirani yetu Kaviha alikwenda huko. Mwanzo alikuwa akituma picha, amevaa vizuri, amenenepa. Sasa simu yake inaita tu, na Kaviha huingia na simu hata chooni, isije ikalia hayupo. Nilijiambia mimi sitakuwa Kaviha. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshajua la kufanya.

Sambusa zangu zinajulikana. Miaka yote nimekaanga kwenye steji iliyo karibu na shule, na watu hushuka garini kabla ya kituo chao kwa ajili yangu. Nikawaza: nikiwahamishia wateja wangu mlangoni kwa Vivian, watasimama, watangoja, watatazama ndani. Anayengoja sambusa atakumbuka paka wake nyumbani. Niliona ni akili kubwa, nikashangaa kwa nini sikuipata mapema. Nikabeba jiko, karai, meza na beseni la nyama ya kusaga iliyokwisha kuungwa, nikatua kwenye baraza ya duka.

Vivian alitoka, akatazama karai, akanitazama mimi.

"Moshi hautawasumbua paka, Mama?"

"Nitaligeuza jiko upepo uuchukue barabarani."

Akageuka akatazama vizimba. Kisha akatabasamu. "Haya. Karibu, Mama."

Nikageuza jiko, nikaketi nimeupa mlango mgongo na uso nimeuelekeza barabarani, ili nimwone kila anayekuja.

Hakuna aliyekuja. Si kwake tu, hata kwangu. Wateja wangu wa steji walipita, wakanisalimia vizuri, wakatazama karai, wakatazama nyuma yangu, wakakumbuka wana haraka. Mwingine alisema amefunga. Mwingine ana asidi tumboni. Mama mmoja wa kwaya yetu, ambaye najua hawezi kula hata uji wa wagonjwa bila kuongeza sahani, alisema daktari amemkataza nyama.

"Tangu lini?"

"Tangu... juzi hivi."

Mafuta yakapoa, nikayapasha, yakapoa. Jioni nilirudi na sambusa zangu nyumbani, tukala mimi na Vivian mpaka tukachoka nazo.

Nikasema hapa pana jambo, na nikakaza macho. Nilianza na mbwa. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na najua mate ya mbwa kwao ni najisi. Nikafikiri wanaogopa paka wao wasije wakaogeshwa kwenye beseni la Simba. Vivian akatenga mabeseni, la kijani la mbwa, la bluu la paka, hata taulo akazitenga, na Kadenge akaandika ukutani kwa herufi kubwa. Nami nikamfuata Kioko nikamwomba Simba awe anapitia uani.

"Kwani mbwa wangu amekuwa mwizi, Mama Vivi, aingilie mlango wa nyuma?" Alicheka, lakini hakurudi tena.

Kwa hiyo nilimpotezea binti yangu hata mbwa mmoja aliyekuwa amebaki.

Nikamgeukia Kimani wa hadiwea. Huyu ni mtu wa bara, kijana wa utani mwingi, na mama kwake ni mathe. Kila asubuhi alisimama na wafanyakazi wake mlangoni mwake wakinitazama.

"Mathe, leo ni za nini?"

"Za nyama."

"Nyama gani?"

"Ya ng'ombe. Wewe wataka ya nini?"

Wakaangua kicheko, mmoja akajishika mbavu. Nikaona ni ukosefu wa adabu tu, lakini nikaanza kumshuku pia. Huenda anakitaka chumba cha Vivian aweke saruji. Huenda ndiye anayetufukuzia watu. Nililipeleka jambo hilo kwenye maombi, nikamtaja kwa jina.

Mwezi ukazidi kwisha. Carolyne akawa anapiga simu, na Vivian anatoka nje kuipokea. Ndani, kizimbani, alibaki paka mmoja tu, Sukari, kwa sababu Bi Mwanatumu alikuwa Malindi kwenye harusi. Vivian alimhudumia paka huyo kana kwamba ni hoteli nzima. Mimi nilikaanga, nikatazama barabara, nikaomba.

Siku Bi Mwanatumu aliporudi, alishuka kwenye tuktuk mbele ya baraza na mkoba wake wa safari. Niliruka kwa furaha. Nilijua huyu akisimama hapa, wengine watasimama.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Mama Vivi. U hali gani? Nimekuja kumtwaa Sukari wangu."

"Pole na safari. Keti kwanza, Bi. Shika hii, imetoka motoni sasa hivi."

Nikamtia sambusa mkononi, ndani ya karatasi, ikitoa mvuke. Nami nilikuwa nimekata kipande cha nyingine nikakitia kinywani kuonja chumvi. Bi Mwanatumu alitazama ndani ya duka juu ya kichwa changu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Sukari yuko wapi?"

Nyama ilikuwa ya moto na kinywa kimejaa. Nikainua kidole kumwonyesha angoje nimeze.

Ukelele alioupiga sijawahi kuusikia hata msibani.

"Wamemla! Wallahi wamemla! Wamemla Sukari wangu!"

Sambusa ikaruka ikaangukia barabarani. Mimi nikapaliwa. Nilitaka kusema jambo, likatoka kikohozi, na kadiri nilivyokohoa ndivyo alivyozidi kulia, "Huyo anamtapika! Mtazameni!" Watu wakamiminika. Wa kibanda cha maji waliacha mitungi ikifurika. Wafanyakazi wa Kimani wakaja mbio.

"Si tulisema?" mmoja akapaza sauti.

"Ndio maana nyama yake laini," akasema mwanamke wa mitungi, ambaye zamani alinunua kwangu kila Ijumaa.

"Mlisema nini?" nilipata sauti. "Kimani, mlisema nini?"

Kimani alijikuna kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Mathe, mtaa mzima unasema. Paka wanaingia, sambusa zinatoka. Kila mtu amewahi kusikia stori za nyama ya paka."

Ndipo nikageuka. Siku zote hizo nilikuwa nimekaa nikiangalia barabara, sijawahi hata mara moja kusimama barabarani nikaangalia baraza. Sasa nilisimama pale waliposimama wao. Nikaona vizimba vitupu, milango wazi. Mbele ya vizimba, beseni la nyama ya kusaga. Mbele ya nyama, karai. Mbele ya karai, mimi, na kisu. Na juu yetu sote, paka wa Kadenge mwenye wanja, akionyesha kwa mkia mlango wa kuingilia.

Mungu wangu. Hata mimi nisingenunua.

"Vivian!" niliita.

"Abee, Mama!" Sauti ilitoka uani. Kumbe alikuwa amehamishia mashine ya kukausha huko, mbali na moshi, na kelele zake zilimzuia kusikia mengine yote mpaka alipoizima. Alitokea amembeba Sukari ndani ya taulo la bluu, nusu manyoya yamesimama na nusu yamelowa, na paka amekasirika kuliko sisi sote. "Bi, shikamoo. Nilitaka umkute amekwisha kuk..."

Akaona watu. Akaona sambusa barabarani. Akanitazama mimi, na nikajua kwamba hakushangaa.

Bi Mwanatumu alimnyakua Sukari, akambusu, akamnusa masikio, akamhesabu miguu. Kati ya watu mmoja akacheka, wote wakafuata, kicheko cha aibu kile ambacho mtu hukitoa akitazama chini. Bi Mwanatumu akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Nisamehe, Mama Vivi. Niliambiwa kabla sijasafiri, nikakataa. Lakini neno lilikuwa limeshaniingia."

"Uliambiwa na nani, Bi?"

"Sema nani hakuniambia." Akavuta pumzi. "Nyama wanunua wapi?"

"Kwa mchinjaji wenu wa hapo msikitini. Miaka yote. Mwulizeni."

Akampa Vivian paka amshike. Akachukua sambusa nyingine juu ya meza, akasema Bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka hadiwea, akaila yote mbele ya watu. Walitazama taya zake kama wanaotazama mpira.

"Ng'ombe," akatangaza. "Na chumvi imezidi. Haya, nendeni makwenu."

Walipoondoka, na Bi Mwanatumu kaondoka na Sukari wake, niliingia ndani nikaufunga mlango nusu. Vivian alikuwa anafuta meza iliyokwisha kukauka.

"Ulijua?"

Aliendelea kufuta.

"Vivian, nakuuliza. Ulijua wanavyosema?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoweka jiko, Mama. Mtu wa kwanza aliniambia siku hiyo hiyo, kwa utani. Wa pili hakuwa anatania."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuja na karai lako lote. Ukaacha steji yako kwa ajili yangu. Ulikuwa unaimba ukikata vitunguu, Mama. Tangu Baba afe sijakusikia ukiimba. Ningekuambiaje kwamba wewe ndiwe..." Akazungusha kitambaa mahali pamoja.

"Ukaona afadhali uende Uarabuni."

"Sikuona afadhali. Niliona tu siwezi kukuambia uondoke."

Nimeona mengi kwa macho haya. Nilimwona Mwarandu akishushwa kaburini. Lakini hakuna lililonishtua kama hilo. Mwanangu alikuwa tayari kuvuka bahari akafue nguo za watu asiowajua, asinivunje moyo kwa kuniambia nisogeze jiko. Na mimi niliyekuwa nikijisifu kwa kuona, niliona Kimani, nikaona mbwa, nikaona hila pasipokuwa na hila, na yeye alikuwa nyuma yangu kiasi cha mkono.

Nilitoka nikamwaga maji kwenye makaa.

"Mama, ngoja hata mafuta yapoe."

"Yatapoa njiani."

Kimani alivuka, mikono mfukoni, akasimama kama mtoto aliyetumwa kuomba radhi. "Mathe, wacha nikubebee hilo karai."

"Beba. Lakini ukimwaga mafuta yangu nitakukaanga wewe."

"Mimi nyama yangu ngumu, mathe. Hutauza."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Nikakumbuka nilivyomtaja kwenye maombi, nikamwombea tena kimoyomoyo, safari hii kwa upole.

Nikarudi steji. Kutoka hapo duka la Vivian silioni, kuna kona. Lakini naona wanaokwenda. Siku chache za mwanzo sikuona kitu. Kisha akapita mwanamke na kikapu kilichofunikwa leso, na kikapu kinalia. Akapita mwingine. Wakienda hawanunui kitu kwangu, hata sasa. Wakirudi, paka wakinukia sabuni, ndipo husimama. "Mama Vivi, leo Sukari ana pilipili?" huniuliza, na mimi hujibu kwamba leo nimemtia na ndimu. Nimechoka na mzaha huo lakini nauvumilia, kwa kuwa unapita mlangoni kwa Vivian kabla ya kunifikia. Kioko naye nilimwomba radhi. Simba hupita hapa kifua mbele, anaingilia mlango wa mbele.

Siku ya mwisho ya mwezi nilishindwa kukaa. Nilifunga meza mapema nikaenda dukani, nikaingia ndani kabisa, nisisimame barazani. Vivian alikuwa amemwinamia paka ndani ya beseni la bluu, povu mpaka kwenye viwiko. Simu yake ikalia mezani. Nikaona jina.

"Ipokee, Mama. Mikono yangu imelowa."

"Ni Carolyne."

"Najua ni siku gani. Ipokee."

Nilibonyeza. Sauti ya mwanamke, ya haraka, nzuri. "Vivian, vipi? Leo ndiyo leo. Nikuweke kwenye safari au nisikuweke?"

Nikamtazama binti yangu. Hakuinua kichwa.

"Mwambie nina foleni," akasema.

Nikatazama mlangoni. Foleni ilikuwa Kioko na Simba.

"Ana foleni," nikasema kwenye simu, na sauti yangu ikatetemeka kama ya mtu anayedanganya polisi. "Mimi ni mamake. Usimweke."

Siku tupu bado zinakuja. Siku nyingine vikapu havipiti kabisa, na miguu yangu inataka kunyanyuka imfuate Vivian. Naishikilia. Nakaanga zangu hapa hapa, natazama kona. Pasipoti bado iko chini ya godoro. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, huingiza mkono nikaipapasa, nikaikuta, nikatoka.